Kilimia Kikizama: Dalili za Majira na Mipaka ya Methali

Katika mikusanyo ya methali za Kiswahili mna semi zilizoingia humo kwa sababu ya umbo lake tu. Ni fupi, zina mapigo, zimegawika vipande viwili vinavyojibizana, na hakuna ajuaye aliyezitunga. Mkusanyaji azikutapo huziandika pamoja na nyingine, akazipanga kwa alfabeti, na tangu siku hiyo zikawa methali. Usemi wa kilimia ni mmojawapo: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Msomaji aliyelelewa katika utaratibu wa shule zetu, ambapo methali hutolewa maana ya nje, kisha maana ya ndani, kisha mahali pa kuitumia, hatakosa la kusema. Atasema kwamba hali hazidumu. Kwamba mwanzo mbaya huenda ukaleta mwisho mwema, na mwanzo mwema ukaleta mwisho mbaya. Kwa kadiri ya mtihani jibu hilo linatosha. Ila lingeweza kutolewa vilevile hata kama neno kilimia lisingalikuwamo.

Makala haya yanashughulikia hasara inayopatikana hapo. Hoja ni kwamba semi za dalili za majira, yaani zile zinazosema kwa nyota, upepo, mdudu, ndege au mti ni lini mvua itanyesha au bahari itatulia, zina kunga zake za kisanaa ambazo si zile za methali. Uhakiki wa fasihi simulizi, kwa kuzisoma zote kama nasaha, umezinyang'anya sifa inayozipambanua na semi nyingine, nayo ni uwezekano wa kukosea. Methali haikosei. Ikishindwa mahali fulani, mahali hapo huhesabiwa kuwa si pake, na nyingine ya kinyume ikaitwa ije ishike zamu. Dalili husema jambo litakalotukia au lisitukie, na mtu huweka mbegu zake ardhini kwa kuliamini.

Nyota ya kulimia

Kilimia ni kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana kama punje katika konzi. Jina lake latokana na kitenzi lima katika kauli ya kutendea, limia. Wazulu na Waxhosa huziita nyota hizo isiLimela, Wasotho selemela, Wavenda tshilimela. Na kwa Waxhosa mwezi wa Juni umepewa jina la nyota hizo hizo. Kwa hiyo jina hili limetembea na wakulima wa lugha za Kibantu masafa marefu. La kuzingatiwa na mhakiki ni kwamba jina lenyewe tayari ni usemi uliofupishwa hadi kufikia neno moja. Halielezi nyota zinavyoonekana, kama zinang'aa au zimekusanyika au ni saba. Linaeleza kazi ya anayezitazama. Aliyezipa jina hilo alikuwa ameshika jembe, au alikuwa akijiuliza kama ni wakati wa kulishika.

Vitenzi viwili vya usemi huu navyo vinahitaji kusomwa polepole. Kuzama ni kwa chombo na kwa mpiga mbizi. Kuzuka ni kwa kitu kitokacho chini ghafla, pasipo kutazamiwa, na ndiko litokako neno mzuka. Vyote viwili ni vitenzi vya majini. Sasa, mtu aliyesimama Mombasa au Malindi huona nyota zikizuka baharini kweli, kwa kuwa mashariki yake ni maji matupu. Lakini huziona zikitua nyuma ya bara, juu ya minazi na vilima. Kuzama kwake, basi, ni jazanda. Kwa mtu wa kisiwani au aliye chomboni katikati ya maji, kuzama na kuzuka vyote ni habari ya macho. Usemi unamtaja mkulima katika nomino yake na baharia katika vitenzi vyake, na mkusanyiko huo ndio sura halisi ya jamii ya pwani, ambapo mtu mmoja alikuwa na shamba la mtama na sehemu katika dau. Hayo hayapatikani katika fafanuzi isemayo kwamba hali hazidumu.

Kiambishi -ki- ndicho kitovu cha fumbo. Katika Kiswahili -ki- hubeba sharti na wakati pamoja, na lugha haimlazimishi msemaji achague. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika. Lakini hata msomaji wa Kiswahili, akifuata mantiki ya usemi, atagundua kwamba hapa wakati hauwezi kusimama peke yake. Kilimia huzama katika mwanga wa jioni kwa tarehe zile zile kila mwaka. Haiwezekani kwamba mwaka ule ule kimezama kwa jua na pia kimezama kwa mvua. Kwa hiyo vipande viwili vya usemi havisemwi juu ya mwaka mmoja. Kila mwaka kipande kimoja kiko hai na cha pili kimelala, na anayeutamka usemi sharti ajue ni kipi kilicho hai. Methali huwa kweli yote kwa pamoja, lakini huu ni kweli nusu kwa nusu, na mwaka ndio unaochagua nusu.

Inabaki kuulizwa ni kuzuka gani kunakokusudiwa, na hapa usemi umenyamaza kwa namna ambayo mkusanyaji yeyote angalipaswa kuitilia maanani. Jua hukutana na kilimia karibu na tarehe 20 Mei. Mwishoni mwa Aprili nyota hizo hupotelea katika mwanga wa magharibi, zikafichika kwa muda wa siku 40 hivi, kisha zikaonekana tena alfajiri upande wa mashariki mwezi wa Juni. Huko ni kuzuka kwa kwanza. Lakini mwezi wa Novemba, wakati jua linapokuchwa, kilimia nacho huchomoza mashariki na kukesha angani usiku kucha. Huko ni kuzuka kwa pili. Ikiwa usemi unakusudia Juni, basi unazungumzia masika yenyewe: yakiwahi, kipupwe kitakuwa kikavu, yakichelewa hata kilimia kikazama chini ya anga safi, mvua itakuja nje ya wakati wake. Ikiwa unakusudia Novemba, basi unatoka msimu hadi msimu mwingine, ukisema kwamba masika mema huzaa vuli mbaya na masika mabaya huzaa vuli njema. Usomaji wa kwanza unamfaa mtu anayengoja kupanda. Wa pili unamfaa mtu anayeamua auze akiba ya nafaka au aifiche. Uamuzi huo wa pili ndio mzito zaidi, na pengine ndio uliostahili kutungiwa usemi.

Usomaji huo wa pili unaweza kupimwa kwa miaka ya karibuni. Mwaka 2018 masika ya Kenya yalikuwa makubwa mno hata yakaleta mafuriko, na vuli iliyofuata ikawa haba. Mwaka 2019 masika yalichelewa na kupungua, na vuli ikafurika kupita kiasi. Mwaka 2020 masika yalikuwa tele, vuli ikawa haba. Mtu aliyeutegemea usemi angalisema, baada ya miaka mitatu, kwamba wazee hawakukosea. Kisha ukaja mwaka 2021: masika yalikuwa haba, na vuli nayo ikawa haba. Mwaka 2022 yakarudi yale yale. Kilimia kilizama kwa jua, kikazuka kwa jua, mara mbili mfululizo, katika ukame ambao ulianza na vuli ya 2020 na kula misimu mitano katika kaskazini na mashariki ya Kenya, kusini ya Ethiopia na Somalia. Sababu zake zilikuwa mbali sana na upeo wa macho ya mtazamaji wa pwani, katika joto la maji ya Bahari ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi.

Jambo hili lina uzito wa kihakiki. Usemi una pembe nne ambazo mantiki ingeziruhusu: jua kisha mvua, mvua kisha jua, jua kisha jua, mvua kisha mvua. Umetaja mbili tu. Zile mbili nyingine hazikusahauliwa kwa bahati mbaya. Zimefukuzwa na umbo. Maneno jua na mvua yamepishanishwa msalaba, la mwisho la kipande cha kwanza likawa la mwanzo la kipande cha pili, na sikio likapata mizani ambayo haiachi nafasi ya mwaka wenye jua pande zote mbili. Mhakiki aliyezoea kusifu takriri na ulinganifu kama mapambo angepaswa hapa kusita. Katika usemi wa dalili uzuri wa umbo si pambo, ni dai juu ya dunia: kwamba mwaka una mizani kama ulivyo na mizani usemi. Dai hilo laweza kuwa la uongo, na uongo wake ukamgharimu mtu mifugo yake.

Wingu lisilo dalili

Kinyume cha kilimia ni usemi maarufu kuliko wote katika kundi hili: "Dalili ya mvua ni mawingu." Umaarufu wake unapaswa kushangaza. Hakuna mvuvi wala mkulima anayehitaji kuambiwa kwamba wingu hutangulia mvua. Na wale wanaoishi kwa mvua wajua pia kwamba mawingu mengi hupita bila tone. Kama dalili, usemi huu hauna thamani yoyote. Hakuna umbali kati ya ishara na kinachoashiriwa. Kwa sababu hiyo hasa umesafiri kila mahali, ukaingia katika magazeti, mahubiri na hotuba za siasa. Hauhitaji mahali wala tarehe. Ni methali iliyovaa kanzu ya dalili, na neno dalili lililomo ndani yake ni la kuazima.

Ulinganisho huu unatoa kipimo. Dalili ya kweli ina masafa. Mbuyu uliokaa mtupu kiangazi chote unapoanza kuchipua majani kabla ardhi haijalowa, anayeuona ana siku kadhaa mkononi. Mumbi, yule ndege mkubwa mweusi atembeaye ardhini, anapovuma alfajiri, wengi katika Afrika Mashariki husikia habari ya mvua. Kumbikumbi, kwa upande mwingine, hutoka mvua ya kwanza ikisha kulowesha ardhi. Hawatabiri kitu, wanathibitisha. Mara nyingi wanaoorodhesha dalili huwaweka wote katika kapu moja, ndege na mchwa na wingu, kana kwamba kutangulia, kuandamana na kufuata ni jambo moja. "Hakuna masika yasiyo na mbu" ni usemi wa kuandamana. Hautabiri, unahesabu gharama. Nao, kwa haki yake, ni methali kamili, kwa kuwa kuandamana kwa neema na kero ni jambo linaloweza kuhamishwa kutoka shambani hadi nyumbani bila kupoteza chochote.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya usemi wa namna hii ni kama unavumilia kuhamishwa, kwa maana kila usemi unaweza kufundisha jambo ukilazimishwa. Wingu linavumilia, mbu anavumilia, kilimia hakivumilii. Ukikihamisha kutoka angani kwake kinakuwa neno tupu lenye mlio mzuri.

Mja naswi

Pepo za pwani zina msamiati ambao wahakiki wameupitia haraka mno. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Katikati kuna malelezi, na kuna tanga mbili, kipindi ambacho upepo hauna msimamo na nahodha hajui atweke tanga kwa upande gani. Kuna matlai ya asubuhi kutoka mashariki, na umande utokao bara. Neno tanga mbili lenyewe ni picha nzima ya chombo kilichosita. Watunzi wengi wa mashairi na riwaya wameacha hazina hii na kuandika "upepo mkali" au "upepo mwanana", kama kwamba Kiswahili ni lugha ya watu waliozaliwa mbali na bahari.

Mfano wa usemi uliojeruhiwa kwa njia hii ni ule wa Kimvita usemao: "Kaskazi mja naswi, kusi mja na mtama." Mwanafunzi wa leo, aliyefunzwa Kiswahili sanifu, ataisoma naswi kuwa kifupisho cha "na sisi". Kaskazi, atasema, huja nasi, ni upepo rafiki. Kusi huja na mtama. Usomaji huo una mvuto wake, hata mtu akatamani uwe sahihi. Lakini nswi ni samaki katika lahaja za kaskazini, na usemi unasema kwamba kaskazi huja na samaki na kusi huja na mtama. Ulinganifu uliokuwa umevunjika unarudi mahali pake: chakula kwa chakula, kitoweo kwa nafaka. Na kila upande una sababu yake. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, madau yakavuka mwamba na kuvua mbali; na wakati huo huo, katika enzi za mashua kubwa, vyombo vya Uarabuni vilishuka na papa mkavu. Kusi likichafua bahari, wavuvi hukaa ndani ya mwamba au pwani kabisa, lakini mashamba yaliyopandwa kwa masika huiva.

Kuna jambo zaidi. Usemi huu hausemi "kaskazi huleta". Unasema mja, yaani anayekuja, nomino ya mtendaji iliyo pia neno la mtu, mja wa Mungu. Upepo umepewa nafsi ya mgeni anayebisha hodi na kitu mkononi. Kwa kuwa wageni wawili hawaji pamoja, mwenyeji hana siku ambayo meza yake ina samaki na ugali wa kutosha kwa wakati mmoja. Huo ndio uchungu mdogo ulio ndani ya maneno haya saba, na ndio unaopotea pale samaki anapogeuka kuwa "sisi". Usanifishaji wa lugha ulikuwa na faida zake, na si nia hapa kuzikana; lakini katika utanzu huu umekuwa ukifuta vitu, si mitindo ya matamshi tu.

Hasara kama hiyo inaendelea kwa njia nyingine pale matangazo na vitabu vya shule vinapotafsiri Kiingereza na kusema "mvua ndefu" na "mvua fupi" badala ya masika na vuli. Majina ya kwanza hupima muda, tena vibaya. Majina ya wenyeji mara nyingi hutaja kazi au zao. Wagikuyu, kwa mfano, wana mbura ya njahi na mbura ya mwere, mvua ya njahi na mvua ya uwele, na Jomo Kenyatta aliyaeleza majira hayo katika Facing Mount Kenya mwaka 1938. Hapo tena, kama katika kilimia, kinachotajwa ni chungu cha mpishi na jembe la mkulima. Mwere wenyewe sasa haulimwi sana katika nchi hiyo, na jina limebaki likitaja mmea ambao vijana wengi hawajauona.

Msemaji

Mtu anaweza kupinga haya yote kwa kusema kwamba dalili za majira ni elimu, si fasihi, na kwamba mahali pake ni katika idara ya jiografia au kilimo. Mpango wa tanzu uliotolewa na M. M. Mulokozi katika Mulika mwaka 1989, ambao umekuwa msingi wa mafunzo ya fasihi simulizi Afrika Mashariki, una utanzu wa semi na vipera vyake, na dalili za majira hazina kipera chake humo. Huenda kimya hicho ni uamuzi wa busara. Lakini kikikubaliwa, mhakiki hana haki tena ya kuutumia usemi wa kilimia kama methali darasani. Hawezi kuufukuza kama elimu na kuurudisha kama nasaha.

Upande wa pili wako wanaozitukuza semi hizi kuwa sayansi ya wahenga isiyoweza kukosea. Hawa nao hawazisomi. Kalenda ya pwani yenyewe inaonyesha jinsi wenyeji walivyoishi na kosa na kulirekebisha. Mwaka wa Nairuzi, ule unaoadhimishwa kwa mwaka kogwa huko Makunduchi, Unguja, una siku 365, umegawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za ziada, na hauna siku ya nyongeza. Kwa hiyo husogea siku 1 kila miaka 4 ukilinganishwa na jua, karibu siku 24 au 25 kwa karne. Baharia aliyehesabu miongo peke yake angejikuta, baada ya vizazi vingi, akingoja kaskazi katika upepo wa kusi. Nyota zilikuwapo kuisahihisha hesabu. Na nyota zenyewe hazisimami kabisa: kilimia husogea siku 1 katika majira kwa kila miaka 71 au 72, jambo ambalo mtu mmoja hawezi kuliona, lakini usemi wenye umri wa miaka elfu ungekuwa umekwisha kupishana na mvua zake kwa wiki mbili. Usemi kuwa wa kale sana si lazima kuwe sifa.

Ruth Finnegan alisisitiza mwaka 1970 kwamba methali haieleweki nje ya tukio ambamo imesemwa. Kwa dalili jambo hilo ni la lazima zaidi, kwa maana si hali ya mazungumzo tu inayohitajika, bali tarehe, mahali, na haki ya msemaji. Katika Bunyore, kaunti ya Vihiga, watu wa ukoo wa Nganyi wamejulikana kwa vizazi kuwa watabiri wa mvua, wakisoma miti, ndege, wadudu na upepo katika misitu yao mitakatifu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Kenya na wa kituo cha ICPAC waliketi na wazee hao ili kulinganisha utabiri wa pande mbili na kuutangaza msimu kwa kauli moja. Mengi yamesemwa juu ya faida ya mpango huo kwa wakulima. Kwa mhakiki la kutazamwa ni kwamba wazee hawakualikwa wakatoe orodha ya semi. Waliulizwa: mwaka huu je? Dalili ile ile ikisemwa na mtoto wa shule ni habari. Ikisemwa na mzee wa Nganyi mbele ya watu wanaongoja kupanda, ni tendo ambalo yeye atalijibia. Kadhalika miongoni mwa Waborana, anayesoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa na anayehesabu siku kwa mwezi na nyota si mtu yeyote tu. Mkusanyo wa methali umemwondoa mtu huyu kabisa. Ukurasani usemi hausemwi na yeyote, na kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa unapokosea. Ndivyo unavyopata ule utulivu wa milele ambao wasomaji huuita hekima.

Hapa fasihi andishi imeona zaidi ya uhakiki. Hadithi ya Grace Ogot juu ya kuja kwa mvua, iliyomo katika mkusanyo wake Land Without Thunder wa mwaka 1968, imetungwa kwa Kiingereza, lakini ardhi yake ni ya Waluo na mantiki yake ni ya utanzu unaojadiliwa hapa. Nchi imekauka. Mganga wa mvua ametoa kauli: binti wa mtemi, Oganda, atolewe kwa zimwi la ziwani, ndipo mvua inyeshe. Kauli hiyo ina umbo lile lile la dalili, sharti na jibu lake, kikitendeka hiki hutokea kile. Wasomaji wengi wameishughulikia hadithi kama mgogoro wa mila na mapenzi, nao wako sahihi kwa kiasi fulani. Lakini kiungo kinachoibeba ni ile -ki- ya sharti. Oganda anatembea kuelekea ziwani, Osinda, mpenzi wake, anamfikia na kumwokoa, nao wanatoroka. Sharti halikutimizwa. Hata hivyo radi inapiga na mvua inamwagika.

Ogot hatoi maelezo. Hasemi kwamba mganga alidanganya, wala kwamba mizimu ilighairi, wala kwamba mvua ingenyesha kwa vyovyote. Angaliweza kuifunga hadithi kwa ukame kuendelea, ili mila ihesabiwe kuwa kweli na wapenzi kuwa wahalifu. Au kwa mvua kunyesha mbele ya kijiji kizima pamoja na wapenzi, ili mila ihesabiwe kuwa uongo. Alichagua njia iliyo ngumu kuliko hizo. Jibu limekuja bila sharti lake, na wanaolijua hilo ni wawili tu, nao wamekwisha kujifunika majani na kushika njia. Kijijini mtemi anaisikia mvua juu ya paa na anaamini kwamba mwanawe amefika kwa zimwi. Watu watatoka na majembe. Mwaka mwingine mkavu ukija, watakumbuka kwamba kauli ile ilisema kweli, na watamtazama binti wa mtu mwingine.